Mabua Mawili ya Mgomba

Kichochoro kile cha Malindi, mjini Unguja, kilikuwa chembamba hivi kwamba mtu akikaa baraza ya kulia na mwenzake akakaa ya kushoto, magoti yao hukaribia kugusana. Ndiyo maana ugomvi wa Mzee Msabah na Mzee Borafya ulikuwa kichekesho kitupu. Walipokosana, kila mmoja alichagua baraza yake, na wakawa wanatazamana uso kwa uso zaidi kuliko zamani walipokaa bega kwa bega. Waliapa kutosemezana, na kutwa nzima walisemezana kwa kumtumia Simai, muuza kahawa, ambaye alisimama katikati na dele lake la moto.

"Simai, mwambie huyo jirani yako, polisi wote ni madhalimu," husema Msabah.

"Simai, mwambie na yeye, anayewasema polisi ni mhuni," husema Borafya.

Simai alimimina kahawa kulia, akamimina kushoto, akajiombea mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa sababu ya balaa lote hili.

Mambo yalianzia Makunduchi, siku ya Mwaka. Mtu yeyote wa Unguja anaujua mchezo ule: watu wa kusini na wa kaskazini hupigana kwa mabua ya migomba, kila mtu akamchapa aliye na kinyongo naye, kisha wanawake wanaimba, watu wanakula, na mwaka mpya unaanza kwa mioyo myeupe. Siku hiyo Mcha, askari polisi, alipangwa kulinda usalama, amevaa kaki iliyopigwa pasi ikapigika. Mcha mwenyewe ni mzaliwa wa huko huko. Tena ndiye kaka yake Tabia, mchumba wa Simai, na kwa kuwa baba yao alikwisha kufariki, yeye ndiye walii wa kumuozesha. Harusi hiyo alikuwa akiiahirisha kila mara, leo kwa kisingizio cha mvua, kesho kwa kisingizio cha zamu.

Simai alipouona mgongo wa Mcha katika ile kaki, mkono ulimuwasha. Akamchapa bua. Mcha akageuka, akavua kofia yake ya kazi akaiweka pembeni taratibu, akaokota bua lake, akamtandika shemeji yake mtarajiwa mpaka bua likakatika. Kisha wote wawili wakaanguka mchangani wakicheka hadi machozi.

Msabah na Borafya waliyaona yote hayo. Walikwenda kwa gari moja, wamekaa kiti kimoja. Wakarudi mjini kila mtu na gari lake.

Kufika Ijumaa, Malindi nzima ilikuwa na pande mbili. Baraza ya Msabah ilisema askari kampiga raia asiye na hatia. Baraza ya Borafya ilisema mhuni kamvamia askari kazini. Hii ilikuwa miaka ya hamsini, watu wamekwisha kuonja siasa, na mtu akithubutu kusema "baadhi ya polisi" aliulizwa katumwa na nani. Borafya aliwahi kulazwa mahabusu bure kwa ajili ya mbuzi wa jirani, na Msabah aliwahi kurudishiwa baiskeli yake na askari aliyehangaika nayo mji mzima. Hayo sasa hakuna aliyeyataja.

Simai alijaribu kueleza. Alisimama kati ya baraza mbili akasema, "Wazee wangu, mie ndiye nlieanza kumpiga. Yeye akanipiga kwa nguvu zaidi. Na sote tukacheka."

"Mmesikia? Kampiga kwa nguvu," akasema Msabah.

"Mmesikia? Kaanza yeye," akasema Borafya.

Habari ya kucheka haikumpata mtu wa kuichukua.

Hapo ndipo Bi Kidawa, mama yake Tabia, alipotoa neno lililomkata Simai maini. Yeye haozeshi mtoto wake mbele ya nusu ya mtaa, alisema, na nusu nyengine imenuna nje. Mpaka wazee wale wawili wakubali kukaa jamvi moja, harusi hakuna. Simai alikosa usingizi. Alimpenda Tabia mpaka akawa anasahau kutia tangawizi katika kahawa, na sasa aliona atazeeka akimsubiri.

Tabia hakukosa usingizi. Alimpelekea ujumbe: aziambie baraza zote mbili kwamba siku ya nikaha ukweli utaonyeshwa hadharani, mbele ya shehe.

Walikuja wote, tena mapema, kila upande umekuja kushuhudia ushindi wake. Kanzu nyeupe zilijaa ua wa Bi Kidawa, Msabah ukingo huu wa jamvi, Borafya ukingo ule. Shehe akakaa. Mcha akanyoosha mkono aupokee wa bwana harusi, na Msabah akamdaka Simai kifundo cha mkono. Kwanza ukweli, alisema. Borafya, kwa mara ya kwanza tangu siku ya Mwaka, alikubaliana naye.

Basi likatoka sinia kubwa kutoka ndani, limefunikwa kawa. Kila mtu alinusa akitafuta halwa. Mcha akafunua. Ndani mlikuwa na mabua mawili ya mgomba, mabichi, yanatiririka utomvu.

Mcha na Simai wakatazamana. Simai akawahi. Lile bua lilimpiga Mcha begani kwa mlio wa kufurahisha, Mcha akajibu, na la pili likampita Simai likatua juu ya kofia ya Msabah. Kipande kikaruka kwa Borafya. Borafya akakiokota, akakitazama, akatazama mgongo wa Msabah, na mtu akiitazama sura yake angemdhania ana miaka saba. Akachapa. Vigelegele vikalipuka ndani. Muda si muda ua mzima ulikuwa unakimbizana, na wazee wa heshima zao wanajificha nyuma ya mapipa ya maji wakicheka kama wendawazimu.

"Njooni hapa upesi," shehe akawaita walii na bwana harusi, ndevu zake zina utomvu, "kabla hawajakumbuka wamegombana." Nikaha ikafungwa kwa mikono inayonata.

Utomvu wa mgomba hautoki nguoni, hata ufanye nini. Fungate ilipokwisha, Simai alirudi kichochoroni na dele lake, akawakuta Msabah na Borafya wamekaa baraza moja, bega kwa bega, kanzu zao zina madoa ya kahawia. Walikuwa wanabishana, safari hii bila ya kumtumia mtu. Msabah alisema siku ile raia alishinda. Borafya alisema alishinda askari. Wote wawili walionyesha madoa yao kuwa ushahidi.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Simai, we ndo ulikuwemo," akasema Msabah. "Sema kweli. Alishinda nani?"

Simai akawamiminia kahawa, ina tangawizi tele.

"Mie nshaoa," akasema.