Mintaka na Wenzake

Ndugu yangu Sherali alikuwa hodari wa kuzungumza juu ya kila kitu kilicho mbali. Muulize habari za Zohali, atakujibu mpaka chai ipoe. Kilichomshinda ni cha karibu, na cha karibu jina lake lilikuwa Hajra, mjane wa nyumba inayotazamana na yetu. Kichochoro chenyewe ni chembamba: tukikaanga pilipili sisi, anapiga chafya yeye. Hajra akiingia dukani kwetu Ndia Kuu kununua bafta, Sherali hukata kitambaa upande, na siku moja alikata na mkono wa shati lake mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa vita, arubaini na mbili. Serikali ilikuwa imekataza taa kuonekana nje, na Mji wa Kale wote ukawa giza. Watu walinung'unika. Sherali alifurahi, maana alikuwa amenunua darubini ya shaba mnadani, na sasa nyota zilionekana wazi kutoka juu ya paa letu. Mimi sikuwa na furaha yoyote. Kaka yake Hajra alikuwa amemwita Unguja akakae naye moja kwa moja, na meli ilikuwa iondoke Jumamosi. Nilimwambia Sherali anipe ruhusa nipeleke posa kwa Jusab, ami yake Hajra, aliyemsimamia hapa mjini. Akasema anangoja wakati mwafaka. Nilitamani kumpiga na mwiko.

Basi Alhamisi nikamwalika Hajra aje tuagane. Baada ya isha tukapanda juu, mimi, dada mtu, nikaketi mkekani na tasbihi yangu, watu wasije wakapata la kusema.

Sherali akaelekeza darubini kwenye zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, akaanza. Ile ya pembeni ni Mintaka. Ni nyota jitu, ya buluu, na jua letu kando yake ni kibatari tu. Kwa macho huonekana peke yake, lakini ina wenzake. Wengine wamekumbatiana nayo hata darubini kubwa haziwezi kuwatenganisha. Hapo kwenye kukumbatiana akakohoa, akarukia haraka habari za mwenza mwingine, mdogo, anayekaa mbali kidogo na ambaye hata darubini yetu humwona.

Hajra akainama, akatazama. Akasema anamwona bwana mkubwa tu, anajionyesha. Akapangusa kioo kwa ncha ya mtandio, akatazama tena. Bado mmoja. Labda huyo mwenziwe amechoka kungoja, alisema, amekwenda zake Unguja. Nikamwomba Mungu amfungue ndugu yangu kinywa.

Kinywa kikafunguka, kwa elimu.

“Usiikazie macho ile kubwa,” alisema Sherali. “Mwanga wake utakuziba. Tazama pembeni kidogo, kama kwamba huna haja naye, ndipo yule mdogo atakapojitokeza.”

Hajra akatazama pembeni kidogo. Kisha akacheka polepole. Kweli alikuwapo, mdogo, amejitenga na adabu zake. Bila kuinua uso akauliza ujanja huo kausoma kitabu gani.

“Si kitabu,” alisema ndugu yangu, mawazo yake bado mbinguni. “Nilijifunza dukani, wewe ukipita.”

Tasbihi ikanisimama mkononi. Sherali naye akasikia alichokisema, nadhani baada yetu sote, akaishika darubini kama mtu aliyeona jahazi linazama. Miaka yote ile nilidhani hathubutu hata kumtazama. Machozi yalinitoka, wala sifichi.

Hajra akainuka, akajitanda mtandio wake vizuri.

“Sheralibhai,” alisema kwa heshima, “mwambie dada yako aende kwa ami Jusab kesho asubuhi, kabla sijafunga mizigo.”

Nilikuwa nimeketi hapo hapo, goti langu linagusa buibui lake. Sherali akanigeukia, akanirudia ujumbe wote neno kwa neno.