Shamba la Alois Lililolimwa Kimya

Tangu Alois aanguke kutoka juu ya lori la pamba, mkewe Anisia alijifunza kutembea ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi. Sufuria aliitua kwa mikono miwili. Kuku aliwafukuza kwa kupunga kanga, bila neno. Hata Salvina, binti yao wa miaka minne, alishajua kwamba mchana baba analala gizani na kitambaa cha maji kichwani, na anayetaka kucheka aende kucheka kisimani.

Alianguka mwezi wa nane, mwaka 1971, wakipakia magunia kwenye gulio la pamba, nje kidogo ya Ushirombo. Alizimia kidogo, akaamka, akacheka, akaomba maji. Watu wakacheka naye. Damu haikutoka hata tone. Siku ya tatu kichwa kikaanza kumgonga, na mvua za kwanza zilipoanguka kilikuwa bado kinagonga. Akitoka juani macho yalimtiririka machozi. Akilima matuta mawili, aliketi chini akihema. Mganga wa zahanati alimpa aspirini, akasema ubongo ulitikisika, apumzike.

"Apumzike hadi lini?" Anisia aliuliza.

Mganga alimwita mgonjwa mwingine.

Alois ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa kikundi cha kulima. Ngoma yao ilitunzwa kwake, imening'inia ukutani juu ya kitanda. Walikwenda shamba kwa shamba, watu thelathini mstari mmoja, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo wake. Asiyelima kwa wenzake, kwake hawaendi. Na shamba lisilolimwa mvua za kwanza, mwenyewe mwakani hula kwa watu.

Basi Anisia alichukua jembe la mumewe akaingia kwenye mstari wa wanaume. Ngoma ya kikundi ikabaki ukutani ikimngoja Alois; ya kuazima ilipigwa na Marselino, mmoja wa wakulima wenzake.

"Shemeji," mmoja akamtania, "hicho kichwa kinauma wakati wa jembe tu? Wakati wa ugali je?"

"Hata wakati wa ugali. Njoo ule wewe, maana mimi nimechoka kurudisha sahani imejaa."

Walicheka sana. Yeye akainamia jembe. Kila jioni alimwambia Donatus, kiongozi wao, "Wiki ijayo atapiga mwenyewe." Alisema hivyo wiki nne.

Siku moja alirudi mgongo umekufa ganzi, akamkuta Alois amelala vilevile alivyomwacha.

"Huna hata kidonda, Baba Salvina! Kidonda kiko wapi?"

Alois alijipapasa kichwa chote, polepole, kama mtu anayekitafuta kweli.

"Hata mimi sikioni," akasema.

Wiki ya tano Donatus akaja mwenyewe mpaka uani. "Mwadila, mayo," akamsalimu kwa Kisukuma, salamu ya jioni kwa mama. "Kesho zamu yenu. Umelima kama wanaume wawili. Tutakuja na ngoma mbili."

Furaha ya Anisia haikumaliza hata pumzi moja. Juma lililopita Marselino alipita njiani akipiga ngoma, na Alois alitapika mpaka akaanguka, akalala siku mbili bila kujua mchana wala usiku.

"Naomba mlime bila ngoma," akasema.

Donatus alivua kofia. "Unajua unachoomba?"

Alijua. Kikundi chao kililima kimya kwa sababu moja tu: mwenye shamba akiwa amefariki. Msimu uliopita walilima hivyo kwa mjane wa Stanslaus, na Alois mwenyewe ndiye aliyeilaza ngoma kifudifudi kwenye mpaka wa shamba.

"Mumeo yu hai. Tukilima kimya, tumemzika. Na ngoma yetu itabidi tuichukue. Haikai kwa marehemu."

"Limeni kimya," alisema Anisia.

Walikuja alfajiri. Hakuna wimbo, hakuna aliyetania. Majembe tu. Ndani, Alois alifumbua macho.

"Ni majembe hayo?"

"Ndiyo."

"Wanalima kwa nani?"

Anisia alitafuta jina la jirani yeyote wa kumuua kwa mdomo. Hakulipata.

"Kwetu."

Alois alisikiliza. Vidole vyake vilianza kufuata majembe juu ya ukingo wa kitanda, bila sauti, halafu vikasimama.

"Wa upande wa kushoto wanachelewa," akasema.

Kisha aliinuka, kitambaa machoni, akapapasa ukuta mpaka akaifikia ngoma. Aliishusha mwenyewe. Aliikumbatia kwa muda, akampa mkewe.

"Ilaze kwenye majani makavu. Marselino hajui kuitunza. Ngozi isiguse maji."

Anisia aliporudi kutoka mpakani, alimkuta amegeukia ukutani.

Msimu ule mahindi yalizaa kuliko miaka yote. Anisia aliyavuna peke yake, na waliopita njiani walimpa pole ya mjane kwa sauti ya chini, huku Alois akiwasikia kutoka ndani.