Mita Moja, Mheshimiwa

Ubao wa taa pale uwanjani, unaoonyesha kina cha mto kwa milimita, ulisema 1K, yaani elfu moja, mchana kutwa, na king'ora cha mafuriko kilipangiwa kulia kwenye 2K. Ermelinda akauamini, akabaki kuokoa kuku wake. Mto ukamchukua pamoja na banda.

Programu ya ubao aliitengeneza Yeison, mpwa wa meya, maana wakubwa hawaoni fundi nje ya ukoo wao. Namba ndefu zilimchosha macho meya, don Heriberto, akaagiza zifupishwe. Kijana akazigawa kwa elfu, akabakiza namba nzima, yaliyosalia nyuma ya nukta akayatupa. Baudilio, mume wa marehemu, alielezwa hayo na karani wa manispaa, akayameza kama mwiba.

Mwaka wa msiba ulipotimia alipika nakatamali, unga wa mahindi na nyama ndani ya majani ya mgomba, akaalika watu, na meya pia. Uchaguzi ulikuwa karibu. Meya hakuweza kukataa.

Daraja lilikuwa limekwenda na mafuriko. Pale, dereva haingizi gurudumu majini kabla ya kumuuliza aliye ng'ambo, na anayeulizwa hadanganyi, ni mwiko.

Meya akasimamisha gari ukingoni, Yeison kando yake, akapaza sauti: "Don Baudilio, kina kikoje?"

"Mita moja, mheshimiwa. Gari lako refu hilo, pita tu."

Katikati ya mto gari likazima, maji yakameza madirisha. Mjomba na mpwa wakaparamia paa. Waalikwa wakatoka na sahani zao kutazama.

"Umesema mita moja, mzee mchawi wewe."

"Ni moja nukta tisa. Hiyo tisa nimeitupa. Muulize mpwa wako, hesabu ni yake."

Yeison akalia, akaomba kamba. Baudilio alikuwa nayo begani. Akasema hairushi mpaka watu wote wasikie kipimo cha mto kilisoma ngapi siku ya Ermelinda, bila kufupisha. Meya akatukana, akatishia kuita polisi. Maji yakazidi kupanda, yakamfika vifundoni.

"Elfu moja," akasema.

"Malizia."

"Mia tisa na arobaini." Akatazama maji. "Niliambiwa mapema. Nikasema tusitie watu hofu."

Hakuna aliyekuwa akitafuna tena. Baudilio akaibwaga kamba miguuni pa majirani, akageuka kwenda ndani, chakula cha mke wake kisije kikapoa. Alitembea polepole, masikio nyuma, na hakusikia mtu akiinama kuiokota.