Sifuri ya Horní Žleby

...na wala si kwamba saba ni namba mbaya, saba ni kuingia bungeni bila kutoka jasho, Doležel mwenyewe alimwambia hivyo jana kwenye simu huku akitafuna kitu, wakuu wa vyama vikubwa huwa wanatafuna wanapoongea na wakuu wa vyama vidogo, "Drahomíra, hicho chama chako kivunje tu, njoo kwetu, nakuweka namba saba kwenye orodha, ila unijibu kabla ya saa sita mchana," na sasa jua limeshapanda juu ya paa la banda, simu inatetemeka mfukoni mwa aproni ya mama aliyoivaa, na hawezi kuishika kwa sababu mkono wake wa kulia umezama kwenye ndoo mpaka kiwiko, ndani ya damu ya nguruwe, na damu isipokorogwa mpaka ipoe inaganda, na ikiganda hakuna supu, na pasipo supu siku yote hii ya kuchinja imekuwa kazi bure, "Koroga, mheshimiwa," Zbořil mchinjaji anamwambia, akikwangua manyoya kwenye ngozi inayofuka mvuke, "hapa hatuundi kamati, hapa tunakoroga," na mama anacheka, anacheka kabisa, tangu baba afariki hajamsikia akicheka hivyo, basi na acheke, kukoroga ni kazi ya watoto na wageni, wale wasiojua kushika kisu, ndiyo maana kapewa yeye, mwenyekiti wa chama ambacho mkutano wake mkuu wa mwisho ulienea kwenye meza tatu za baa, na ya tatu walikalia watu waliokuja kunywa tu... alianza na saini, mwalimu wa jiografia mwenye mdomo, akipita nyumba kwa nyumba ili treni ndogo iendelee kusimama Horní Žleby, watu wakasema huyu aende Praha, akaenda, wakapata viti, magazeti yakamwita hewa safi, kisha serikali ya mseto, unaibu waziri, gari na dereva, na ile Jumatano ya bajeti alipobonyeza kitufe cha ndiyo, ndiyo moja kwa kurasa zote, na katikati ya kurasa zote mstari mmoja mwembamba wa kufunga reli ndogo, reli ambayo baba yake alikaa maisha yake yote akishusha na kupandisha vizuizi vyake, alijiambia tutairudisha baadaye, wote walikuwa wanajiambia baadaye, jengo zima lile linaendeshwa kwa baadaye... baba Jumapili ile alimpakulia supu akamuuliza barabara ilikuwaje, aliuliza barabara kwa sababu treni haikuwepo tena, halafu ukaja uchaguzi, chama kikaanguka chini ya asilimia tano, kikatupwa nje ya bunge, hilo lilivumilika, lakini mwandishi mmoja mchokozi akachimba matokeo ya vijiji na kuandika kwamba kijijini kwao alikozaliwa amepata sifuri, sifuri kavu, kura mbili zimeharibika, na yeye aliisoma akawaza, hata walevi wa kwetu wameona afadhali waharibu... sifuri, maana yake si mama, si baba, na nchi hii mtu hamuulizi baba yake amepiga kura gani, ni kama kumuuliza analala vipi na mama, basi hakuuliza, hata hospitalini baba alipolazwa msimu wa kuchipua, alipokaa kando ya kitanda chake wakaongea habari za viazi, viazi, na yeye moyoni akisema sema basi, sema umenihukumu, na baba akisema vile vyekundu vipandwe karibu na ukuta...

"Pilipili manga iko wapi, mama?" Zbořil anauliza, na mama anamjibu, "Stoo, kwenye mlango, pale chini ya karatasi ya marehemu," "Ile ya kura? Bado unayo?" "Nani wa kuthubutu kuibandua," na mkono ndani ya ndoo unasita, "Karatasi gani, Mama?" "Yako, ile yenye jina lako juu kabisa. Si walituletea nyumbani kwenye bahasha, kila chama na karatasi yake? Zile nyingine zote baba yako aliwashia jiko. Yako akasema hii haiingii kwenye sanduku, ikiingia kule hairudi," "Mama! Ndiyo kazi yake, kuingia kwenye sanduku!" "Usinipigie kelele, koroga," "Na ya kwako?" "Aliipeleka baa kuwaringia wenzake, ikarudi na duara la bia, nayo akaibandika," "Sasa mlipiga kura na nini?" na mama anapangusa mikono, anamtazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto, "Bahasha. Zile wanazokupa kituo cha kura utie karatasi ndani, sisi tulizitumbukiza tupu. Baba yako alisema itaeleweka," na Zbořil anakohoa, "Mimi ukweli sikukupa, Drahuška, nisikudanganye, ulitufungia reli," asante, angalau mmoja alimhukumu inavyopasa... itaeleweka, Baba, bahasha tupu itaeleweka, na ungeomba karatasi nyingine palepale kituoni wangekupa, wanazo rundo zima, ulikuwa unaomba nini maishani mwako, hukuwahi kuomba hata chumvi mezani, mbili zimeharibika, yeye aliwacheka wale wawili, na walikuwa wamevaa nguo za kanisani, wametembea mpaka kituoni wameshikana mikono kwa sababu ya barafu, hapana, ilikuwa Oktoba, hakukuwa na barafu, walishikana tu... na simu inatetemeka tena, Doležel na saba yake, karatasi ya watu wengine, jina lake huko chini kati ya daktari wa meno na mcheza mpira wa magongo mstaafu, karatasi kama hiyo Baba angewashia jiko, na sasa anajua atasema hapana, na anajua pia kwamba ni upumbavu, kwamba chama kimekufa na vuli ijayo watapata sifuri nyingine, ya kweli safari hii, kwa ajili ya karatasi moja yenye jina lake juu, itakayokuja mlangoni hapa kwenye bahasha, wala hayupo wa kuitunza...

"Imepoa?" mama anauliza.

"Bado," anasema, na anakoroga, "bado ina joto."