Mtoto wa Ngazi Tatu

Kazini wananiita Kalamu. Mwaka wa kumi na mbili huu naandika lebo za vitu vinavyotoka ardhini katika magofu ya mji wa kale: vigae, shanga, misumari, meno ya ng'ombe, na watu. Nasema watu kwa sababu lile neno la ofisini, "mabaki", linanikera. Lakini kwenye lebo naandika hilohilo, maana hakuna aliyeniuliza napenda nini.

Mji wenyewe umebaki kuta za kimo cha kiuno, visima vikavu na makaburi. Makaburi ndiyo yaliyodumu. Wenyeji wale walijijengea nyumba za udongo, wafu wao wakawajengea kwa mawe. Kubwa kuliko yote tunaliita Ngazi Tatu, kwa kuwa linapanda kwa ngazi tatu hadi kwenye nguzo iliyovunjika kichwa, na hakuna ajuaye ni la nani.

Mama yangu alipenda kukaa hapo. Tangu nikiwa mdogo, kila wiki alibeba ufagio wake mwenyewe, akafagia upande wa nyuma, akaketi kwenye ngazi ya chini kwa muda, kisha akarudi nyumbani. Baba alikuwa mlinzi wa magofu, nikadhani ni mazoea ya mke wa mlinzi. Baba alipofariki nikadhani anamkumbuka. Niliwahi hata kumtania: "Mama, huyo bwana wa ngazi tatu amekupa nini?" Akacheka. Kicheko kile sijamsamehe hadi leo, na utani ule sijajisamehe mimi.

Mwaka huu alikwenda kwa mdogo wangu kufanyiwa upasuaji wa macho, akakaa miezi mitano. Katika miezi hiyo tulichimba nyuma ya Ngazi Tatu.

Mtaalamu, mkuu wetu wa uchimbaji, alitaka kujua kaburi lilijengwa lini. Kando ya msingi, kina cha mkono mmoja, tukamkuta mtoto mchanga. Mtaalamu alifurahi hadi akapiga magoti kwenye vumbi. Mtoto huyu alizikwa na wenye kaburi, alisema, kwa hiyo tukipima umri wa mifupa yake tumeupata umri wa kaburi zima. Nilimpima, nikamchora jinsi alivyolala, nikaandika: Mtoto, namba 17.

Karibu na kifua palikuwa na kifungo cha shati. Cha plastiki, cha buluu, matundu manne.

Sasa, katika kazi yetu kifungo hakimshtui mtu. Panya wanachimba, mizizi inaoza, na vitu vya juzi vinadondokea kwa watu wa kale. Nimeshaokota vizibo vya soda kando ya vyungu vya miaka mia tano. Kitu kipya kikikutwa mahali pa zamani, lawama ni ya panya. Basi sikuuliza mtu. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Kifungo cha plastiki. Kimeshuka kwa shimo la panya. Kisihesabiwe." Mtaalamu alisoma akacheka. "Panya wa hapa siku hizi wanavaa mashati!" Nikacheka naye, nikakitupa kwenye ndoo ya taka. Mifupa michache iliyohimili kuinuliwa nikaifunga kwa pamba, nikaipeleka posta mwenyewe, ikaenda maabara.

Mama alirudi Jumanne, macho yake yanaona hadi tundu la sindano. Jumatano akabeba ufagio. Saa nne nilimwona amesimama kwenye mlango wa chumba cha lebo, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga.

"Mmefanya nini kule nyuma?"

"Tumechimba, Mama. Tulipata..."

"Mlikuta kifungo?"

Niligeuka nikaitazama ndoo ya taka.

"Cha buluu," akasema. "Baba yako alimfunika kwa shati lake la kazini. Nililitafuta shati siku nyingi, mpaka akaniambia liliko."

Nilichojua mimi ni kwamba kabla yangu alizaliwa mtoto wa kiume, akaishi siku mbili. Alikozikwa halikuwa jambo la kuuliza nyumbani kwetu. Sasa Mama, amesimama wima katikati ya rafu za masanduku, alinieleza yote kwa sauti yake ya kila siku. Walikuwa wageni mjini, hawana ndugu, hawana pa kuzika. Baba akayafikiria magofu. Sheria inakataza mtu kuchimba humo hata kwa kijiko, na mlinzi ni yeye.

"Alisema pale hatasumbuliwa na mtu," Mama akasema. "Haya, yamepita. Nipe mwanangu nikamlaze kwa baba yake."

Nilimkalisha kwenye benchi langu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamrudisha. Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe.

Mtaalamu si mtu mbaya. Nilipomweleza alikosa hata pa kuweka mikono yake. Kisha akafungua kompyuta. Majibu yalikuwa yamekuja wiki tatu zilizopita: mifupa haizidi miaka hamsini. Yeye akaona sampuli imechafuka, haina faida, akaiweka kando.

"Na mifupa yenyewe?"

"Wanaisaga ili kuipima, Kalamu. Unajua wanaisaga. Hii ilikuwa midogo sana, wakaomba ruhusa waisage yote."

"Nani aliwapa ruhusa?"

Akaigeuza kompyuta nione. Ilikuwa fomu, na chini yake sahihi yangu. Huwa natia sahihi fomu kumi kwa siku bila kuzisoma.

Niliporudi kwenye chumba cha lebo, nilisimama kwanza mbele ya rafu. Tuna masanduku ya mifupa ya watoto wasiojulikana, wa mamia ya miaka. Ningempa Mama moja, angelizika, na hakuna ambaye angejua. Nilishaliwekea mkono. Halafu nikamfikiria Baba, amelala na mtoto wa watu, na Mama akipalilia. Nikauondoa mkono, nikamwambia ukweli wote.

"Hata kidogo hakikubaki?"

"Hata kidogo, Mama. Na sahihi ni yangu."

Nilitamani anipige. Hakunipiga. Alinitazama kwa yale macho mapya kwa muda mrefu, na mimi nalia kama mtoto.

"Kwa hiyo wewe ulimwona," akasema.

"Nilimwona."

"Mimi sikumwona. Nilikuwa na homa, sijitambui siku zote mbili. Nilipozinduka baba yako alikuwa ameshanawa udongo mikononi." Akasogea upande mmoja wa benchi. "Kaa hapa. Niambie alikuwaje."

Nikakaa. Nikamwambia alilala kiubavu, magoti yamekunjwa, mkono mmoja chini ya shavu. Nikatanua viganja kumwonyesha urefu wake. Mama akaiangalia nafasi ile kati ya mikono yangu, akaniomba nisiishushe kwanza.

"Alifanana na nani?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimeona mifupa tu.

"Na wewe, Mama," nikasema.