Sentensi ya Saba ya Mama Risper

Darasa la Mwalimu Arasa lilikuwa juu ya duka la pembejeo mjini Migori, kwenye barabara ya Isebania. Lilikutana Jumapili saa nane mchana, kwa sababu nusu ya wanafunzi walikuwa Wasabato na nusu nyingine walitoka misa saa sita. Walikuwa watu wazima kumi na wawili waliotafuta kazi ng'ambo, na kila mmoja alisubiri mahojiano ya Kiingereza.

Arasa alikuwa na kanuni moja: sentensi za kitabuni haziruhusiwi. Katika miaka ishirini na sita ya kufundisha sekondari alikuwa ameona watu wakikariri habari za watu wasiowajua, kisha wanakwama wakiulizwa wamekula nini asubuhi. Kila sentensi ilipaswa kuwa ya maisha ya mwenye kuisema, na iwe ya kweli.

Jumapili hiyo aliandika ubaoni maneno mawili, "used to". Alieleza kwamba ni ya jambo ulilolifanya mara kwa mara zamani na ambalo sasa umeliacha. Akatoa mfano wake: "I used to teach in Kisii." Alikuwa akifundisha Kisii, sasa hafundishi huko.

"I used to be rich," akasema Boaz, mwendesha bodaboda aliyetaka kwenda Qatar kuendesha malori.

"Lini?"

"Mwaka juzi, mwalimu. Asubuhi moja hivi."

"Asubuhi moja si mazoea. Keti."

"Mpaka utajiri wa kuota mwalimu anadai risiti," Boaz akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti ya kusikika na wote.

Mellen, ambaye darasani walimwita Mama Risper, hakucheka. Alikuwa akiandika. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na sita kutoka Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, na wakala mmoja alikuwa amemwahidi kazi ya kutunza wazee Ayalandi endapo angepita mahojiano. Alitaka jambo moja: kumtoa binti yake Risper, wa miaka kumi na mitatu, Masara na kumpeleka shule ya bweni kabla hajaingia katika kazi ya dhahabu, kama yeye alivyoingizwa na mama mkwe wake.

Sentensi yake ya saba ilisema: "I used to burn mercury in my kitchen."

"Eleza," Arasa akamwambia.

Akaeleza kwa Kiingereza, polepole, bila kosa kubwa. Unga wa mawe huoshwa kwenye karai. Zebaki humiminwa humo na kusuguliwa kwa mikono mpaka ishike dhahabu. Kinachobaki hukamuliwa kwa kitambaa kikawa donge, na donge hilo huwekwa kwenye upawa mkuukuu juu ya jiko la makaa. Zebaki hugeuka moshi, dhahabu hubaki. Mlango na dirisha lazima vifungwe.

"Kwa nini vifungwe?"

"Upepo hubeba dhahabu, mwalimu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa."

Arasa alijua kwamba upepo haubebi dhahabu kutoka kwenye upawa. Alijua pia moshi ule huenda wapi mlango ukifungwa. Lakini lilikuwa somo la Kiingereza, na saa tisa ilikuwa imekaribia.

"Na umeacha?"

"Nikisafiri nitakuwa nimeacha."

Akaweka alama ya vema. Aliiona kuwa sentensi bora zaidi darasani siku hiyo, akamwambia aitumie kwenye mahojiano, maana wahoji hupenda habari mahususi. Mwandiko wa Mellen ulitetemeka katika kila mstari. Arasa alidhani ni kwa sababu aliacha shule kidato cha pili.

Mahojiano yalifanyika Homa Bay wiki sita baadaye, katika ukumbi wa hoteli. Mhoji alikuwa Bathsheba, mwanamke wa makamo, na pembeni yake aliketi muuguzi wa kampuni iliyokuwa ikiajiri. Mellen alijibu maswali kumi na mawili vizuri. La kumi na tatu lilimtaka aseme jambo alilolifanya zamani ambalo sasa halifanyi. Alisema sentensi ya saba, akaeleza karai, kitambaa, upawa na mlango.

Muuguzi aliweka kalamu chini.

"Kwa miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Nyoosha mikono. Tanua vidole."

Muuguzi alilaza karatasi tupu juu ya vidole vile. Karatasi ilitetemeka, ikateleza, ikaanguka sakafuni. Mellen aliinama kuiokota na akaomba msamaha.

Mkojo wake ulipelekwa maabara. Jibu lilirudi baada ya siku tisa: zebaki ilikuwa mara tano ya kiwango kinachokubalika. Barua ya kampuni ilisema kwamba mikono ya namna hiyo haiwezi kumwinua mzee kitandani. Ilimshauri aondoke kwenye moshi na ampeleke mtoto wake akapimwe. Ilisema pia kwamba katika Kiingereza amekuwa wa kwanza kati ya watu thelathini na mmoja.

Arasa aliiandikia kampuni akiuliza kama Mellen anaweza kuomba tena. Walijibu kwamba zebaki mwilini hupungua, lakini kutetemeka kwa miaka kama hiyo mara nyingi hakuponi.

Mellen alirudi darasani mwezi uliofuata, kabla wengine hawajafika. Alikuja kumrudishia Arasa kamusi aliyomwazima.

"Ungeniambia niseme nilikuwa nauza mboga," alisema.

"Ulikuwa ukiuza mboga?"

"Hapana."

Arasa akaipokea kamusi. "Wangekuchukua," alisema, "na ungemwangusha mzee wa watu."

"Najua. Hata mimi nimefikiria hiyo." Aliketi kwenye benchi la mbele. "Saa hii sichomi tena, mwalimu. Donge linaniangukia kwa makaa. Sasa upawa unashikwa na Risper. Akitoka shule."

"Amepimwa?"

"Wapi? Hapa Migori walisema hawana hiyo kipimo."

Chini, mwenye duka alikuwa akipanga magunia ya mbolea. Arasa alisubiri mpaka kelele zipungue.

"Mwambie aache mlango wazi. Au achomee nje. Upepo haubebi dhahabu."

Mellen alimtazama. "Una uhakika?"

"Nina hakika."

"Ulijua hiyo tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja darasani."

Mellen alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu Jumapili zilizopita. Boaz alisikika ngazini akiimba. Mellen alisimama, akajifunga leso kichwani. Fundo lilimshinda mara mbili.

"Nitamwambia," alisema. "Lakini yeye anasikia bibi yake zaidi. Na bibi ndiye anafunga mlango."