Notisi Zasema Chini

Usiku wa jana niliota nyani jike amenishtaki kwa kumharibia tumbo.

Hakimu alikuwa yeye mwenyewe, maana hakimu halisi yuko likizo. Alivaa miwani yangu.

"Mwalimu Mbwilo," akasema, "jana ulimnyima Tekla alama nne. Kwa nini?"

Nikamweleza kwa upole wanaoustahili wajinga. Tekla, mwanafunzi wangu wa udaktari wa wanyama, alichora ateri ya mji wa mimba wa nyani aliyelala chali, ikipita juu ya mrija wa figo, ule unaoshusha mkojo. Notisi zangu zinasema inapita chini. Notisi hizo zina miaka kumi na tisa. Yeye ni nani azipinge? Kwa alama hizo nne atarudia mwaka. Asubuhi atakuja kulalamika, na kicheko nimeshakiandaa.

"Vema," akasema nyani. "Agizo la mwalimu litekelezwe."

Papo hapo tuko ndani ya tumbo lake. Ateri ni daraja jekundu, na chini yake unapita mto wa manjano. Mafundi wanabomoa daraja, wanaupandisha mto juu. Ateri ya ovari, vile vifuko vya mayai, inafika ikihema, imejitwika ndoo ya damu.

"Natoka kule juu, karibu na figo," inalalamika. "Ovari zilizaliwa jirani yangu, zikahamia huku bondeni, na mimi hakuna aliyenifikiria. Leo nanyeshewa mkojo. Asante sana, msomi."

Nikaishauri ilete malalamiko kwa maandishi.

Kufumba na kufumbua, nimelazwa chali kwenye meza ya upasuaji. Tekla ameniinamia, ameshika uzi mweusi.

"Shikamoo, mwalimu. Mji wako wa mimba unavuja damu. Nafunga ateri."

"Mimi ni mwanamume," nikasema.

Nyani akapekua faili. "Notisi zako hazikulitaja hilo."

"Na zinasema ateri ni mshipa huu wa chini," akasema Tekla, akapitisha uzi.

Figo yangu ya kushoto ikainua kichwa. "Bwana mkubwa, huo wa chini ni mrija wangu. Ukifungwa, nitajaa mpaka nife. Mwambie."

Nimkubalie mwanafunzi mbele ya nyani? Mimi? Fundo la kwanza likakaza. Hapo niliogopa, sifichi, niliogopa kama mtoto aliyeona sindano.

"Tekla mwanangu, ulipata! Ateri iko juu! Ulipata!"

"Basi andika," akasema, nami nikaamka.

Nilikimbilia chooni, na sijawahi kuufurahia mkojo wangu kiasi kile. Niliporudi mezani, karatasi ya Tekla ilikuwa pale pale nilipoiacha. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi wa upasuaji, kifuniko na mwili pamoja, mafundo mawili safi kabisa. Nilijaribu kwa kucha, nikajaribu kwa meno, sikufua dafu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Tekla, amekuja kulalamika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Niazime kalamu."